Msonyo wa Bi Siwatu

Kila mtaa wa Tabata una mtu wake wa mdomo. Sie wa Kimanga tulikuwa na Gozbert. Kwenye kadi za harusi aliandikwa MC Gozi, na kazi yake ilikuwa kushika maiki kwenye sendofu, harusi na vipaimara, na kuchekesha ukumbi mzima kwa kumdhalilisha mtu mmoja. Baba mzazi akija na koti la kuazima, Gozbert aliliona kabla ya mpiga picha. Shangazi wa watu akipanda basi kutoka bara na viatu vinavyombana, Gozbert alimtembeza mbele ya wageni mpaka achechemee. Halafu alikuwaga na msonyo wake. Alisogeza mdomo kwenye maiki, akafumba jicho moja, akauvuta mrefu, wa mate, kama mtu anayefyonza uboho kwenye mfupa. Watu walivunjika mbavu. Aliyesonywa ndiye hakucheka, lakini nani alikuwa anamtazama?

Nyumbani hakuwa na nafuu. Aliisonya taarifa ya habari, aliwasonya majirani, aliisonya hata mvua. Mkewe Adelina, mtu wa Masasi, mpole, alishamzoea kama anavyozoea kelele mtu aliyepanga jirani na mashine ya kusaga.

Jumamosi yenyewe ilianza vizuri tu. Adelina alikuwa mjamzito, tumbo limeshakuwa kubwa, akachemsha chai ya tangawizi, wakanywa na mihogo. Gozbert akaosha gari huku akiimba. Walikuwa wanakwenda kuangalia ukumbi ambao Clara, mdogo wake Adelina, alitaka kufanyia sendofu yake. Clara alikuwa ameuona kwenye picha mtandaoni, nyumba ya zamani ya mbao yenye ngazi pana za kushukia bibi harusi, akasema ni hapo tu na si kwingine.

"Dar es Salaam yote hii, na mahoteli yote haya," Gozbert alisema akiwasha gari, "mdogo wako kaona akaagwe kwenye banda la kuku."

"Ni nyumba yenye historia, baba."

"Historia hata choo cha shimo kinayo."

Nyumba iko mbele ya Gongo la Mboto, ukishika njia ya Pugu, halafu unakata barabara ya vumbi unapanda kilima. Ukweli usemwe: walipoiona, hata Gozbert alinyamaza kidogo. Ilikuwa ya ghorofa, yote mbao tupu, nguzo za mninga, sakafu ya mvule, milango iliyochongwa minyororo na maua mpaka vidole vinatamani kugusa. Aliijenga mfanyabiashara wa magogo wa zamani, Mudathir, akaleta wachongaji kutoka kusini, wakakaa pale mpaka watoto wao wakaota meno.

Halafu serikali ikaichukua, ikawa ukumbi wa mji. Lo! Ukitaka kujua mtu ana roho gani, mpe kitu kizuri cha bure. Wale waungwana wa mji walipaka nguzo rangi ya bluu mpaka usawa wa kiuno, ile bluu ya zahanati. Kwenye mlango wa kuchongwa wakapigilia misumari na tangazo, ZIMA SIMU YAKO. Wakaleta viti vya plastiki, vingine vimevunjika miguu vikafungwa kamba. Baadaye mipaka ikabadilishwa, wakubwa wakahamia kwenye jengo la vioo, na nyumba ikaachiwa vikao vya kata, chanjo za watoto, na sherehe za watu kama Clara.

Aliyewapokea alikuwa ofisa mmoja, Cyprian, shati linabana tumbo, funguo nyingi mkononi kuliko milango iliyokuwepo. Aliwaonyesha ukumbi kwa majivuno kana kwamba aliujenga yeye. Ila walipofika chini ya ngazi, Cyprian alibadilika. Alifunga kifungo cha shingo. Akainua uso kutazama juu, ambako ukuta wa ghorofani ulikuwa umetobolewa matundu madogo madogo ya nakshi, akasema kwa unyenyekevu, "Shikamoo, bibi."

Huko juu hakukuwa na mtu.

"Unamwamkia nani?" Gozbert aliuliza.

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba si serikali?"

Cyprian alishusha sauti. "Braza, we amkia tu. Hapa tunaamkia sote. Hata mwenyekiti, kabla ya kikao."

Ndipo akawaeleza habari ya Bi Siwatu, mke wa Mudathir. Jina hilo la kizamani alipewa na wazazi wake, na yeye akaliamini: kwake watu hawakuwa watu. Mumewe alimtengenezea ukuta ule wa matundu ili aone bila kuonekana. Mgeni aliingia, akasimama chini ya ngazi, akatoa salamu. Bibi alimtazama kwa matundu. Akimwona anafaa, aliitikia, mtu akapanda. Asipomwona anafaa, alisonya. Basi. Hakuna aliyewahi kusonywa mara mbili, maana hakuna aliyerudi.

"Nyumba ilipochukuliwa, alikataa kutoka," Cyprian alisema. "Alikuwa mjane, kizee, wakamwachia chumba cha juu wakijua hatadumu. Basi wakubwa wakikutana hapa chini, kila anayesimama kuhutubia, huko juu msonyo. Mwanzoni walikasirika. Baadaye ikawa kama mchezo, wanacheka. Siku moja wakasikia harufu."

Adelina aliweka mkono tumboni.

"Walipovunja mlango walimkuta keshaharibika. Maiti ya siku nyingi, ya kukusanya kwa shuka. Sasa jambo ni kwamba..." Cyprian alitazama tena juu. "Asubuhi ileile alikuwa amemsonya mwenyekiti. Ukumbi mzima ulisikia."

Adelina akageukia ngazi, akainamisha kichwa kidogo, akanong'ona, "Shikamoo, bibi." Midomo yake ilibaki wazi kidogo, kama mtu aliyesikia kitu asichokitarajia. Gozbert hakumtazama. Alikuwa anacheka.

"Mnatawaliwa na bikizee aliyeoza," alimwambia Cyprian. "Ndiyo maana barabara yenu haina lami."

Akapanda ngazi mpaka katikati. Akageuka, akatanua mikono, akatoa ile sauti ya kazi, ya kifuani. "Mabibi na mabwana, naomba tusimame! Anaingia mwali wa magogo, kipenzi cha mchwa, bibi asiyejua hata kufa kwa heshima!" Kisha akaweka ngumi mdomoni kama ameshika maiki, akainua uso kwenye yale matundu, akasonya.

Alisonya kwa ufundi wake wote. Msonyo ulipanda ngazi, ukafika juu, ukakaa huko.

Kimya. Nje mtu alikuwa anakata majani kwa fyekeo, naye akanyamaza.

Halafu ukarudi.

Ulitoka nyuma ya ukuta wa matundu, taratibu, mrefu kuliko wake, mkavu mwanzoni na mlowevu mwishoni, msonyo wa mdomo usio na meno. Haukuwa na hasira hata kidogo. Ulikuwa msonyo wa mtu aliyekuangalia kuanzia kisogo mpaka kisigino, akamaliza.

Gozbert alimtazama Cyprian. Cyprian alikuwa ameuziba mdomo wake kwa mikono yote miwili.

"Spika hizo," Gozbert alisema akishuka haraka. "Mmetega spika huko juu, washamba nyie." Lakini alishuka akiwa ameshikilia ukingo wa ngazi kwa mikono miwili.

Njiani hakuimba.

Jioni ile walikaa kula. Wali, samaki wa nazi, mchicha. Gozbert alionja, akasema, "Leo samaki wamekubali." Ukasikika msonyo.

Adelina aliinua macho. "Umenisonyea nini? Si umesema wamekubali?"

"Mie? Wewe ndiye umenisonya."

"Nikusonye nina wazimu?"

Wakatazamana. Gozbert akafungua mdomo kujibu. Kabla neno halijatoka, msonyo mwingine. Mfupi. Ulitoka upande wa mlango, ambako hapakuwa na mtu, na pazia lilikuwa limetulia kabisa.

Samaki walipoa.

Kuanzia hapo ilikuwa hivyo. Gozbert akisema jambo, lolote, msonyo ulimfuata kama kivuli kinavyofuata mguu. Alimpigia mteja wa harusi kumpa pole ya msiba, mteja akasikia msonyo baada ya neno pole, akamkatia simu na harusi akampa mwingine. Alimsalimia paroko mlangoni mwa kanisa. Paroko akageuka, uso umekunjamana, akasema, "Mwanangu, kama una jambo na mimi, lilete ofisini." Gozbert akaapa kwa Mungu si yeye. Kiapo chenyewe kikasonywa.

Sie majirani tulisikia pia, tukadhani ni mdomo wake uleule. Tulisema, huyu sasa kazidi, atapigwa. Hakuna aliyekwenda kumuuliza. Mtu aliyekudharau miaka yote, ukimwona hana raha, hukimbilii kumpelekea uji.

Kilichomvunja kwanza ni cha mama mkwe. Mama Anna anakaa Kipawa, mjane, mtu wa maneno machache, na ndiye peke yake ambaye Gozbert hakuwahi kumtania. Walikwenda kumwona Jumapili baada ya misa. Alikuwa amewatandikia kitambaa cha mezani kipya, ameweka vikombe vya wageni. Gozbert akainama mlangoni, mikono mbele, kama mkwe anavyotakiwa.

"Shikamoo, mama."

Mama Anna alikuwa ameshafungua mdomo kuitikia. Msonyo ukapita begani kwa mkwewe ukamfikia usoni. Mrefu. Wa kutosha kumpima kuanzia kanga mpaka kandambili.

Yule mama alisimama na birika mkononi. "Umenisonya, baba?"

"Mama, si mimi, naapa..."

Msonyo.

Mama Anna akaweka birika chini. Akavikusanya vikombe kimoja kimoja, akavirudisha kabatini, akaingia chumbani, akafunga mlango. Waliusikia ufunguo ukizunguka. Clara, aliyekuwa anakaa na mama yake, akatoka nje akilia, akamwambia Adelina kwamba sendofu itafanyika ukumbi mwingine, na shemeji asije, hata kula asije.

Gozbert alikwenda kwa mganga. Yeye, aliyekuwa akiwasonya wanaokwenda kwa waganga! Mganga mwenyewe alikuwa mmoja wa wale wa mabango, anarudisha mume, anakuza biashara, anatibu nguvu za kiume na kufaulisha mitihani. Alivaa kilemba chekundu na saa ya kung'aa, akatikisa kibuyu, akaita mizimu kwa lugha asiyoijua yeye wala mizimu. Akasema, "Naona mwanamke, ana wivu, ni wa kazini kwako." Akasonywa hapohapo, ndani ya kilinge chake. Msonyo ule haukumngoja Gozbert aseme chochote. Mganga akasimamisha kibuyu hewani. Akanong'ona, "Umekuja na nani?" Kisha akatoka kwa mlango wa uani bila viatu, na hakurudi mpaka Gozbert alipochoka kumngoja.

Bado alikuwa na kazi moja mkononi, harusi ya Kinondoni, ya mchana. Mwenye busara angeikataa. Lakini Gozbert alikuwa amefika mahali ambapo mtu anaogopa kimya kuliko aibu. Alivaa suti ya kijivu, akashika maiki. Alimwambia DJ, kijana wa siku nyingi katika kazi anayeitwa Benson, apandishe muziki kila anapomaliza sentensi.

Haikusaidia. "Tunawakaribisha wazazi wa bwana harusi!" Msonyo, kwenye spika zote, ukatikisa glasi mezani. Wazee wakasimama katikati ya njia. Watu wakacheka kwanza, maana walimjua MC Gozi. "Mabibi na mabwana, samahani..." Msonyo. Sasa kicheko kikapungua. "Naomba mnisikilize, jamani, si mimi..." Msonyo, mrefu, na chini yake kwenye spika palisikika kitu kingine, pumzi, mtu mzee anavuta pumzi ili aanze tena.

Benson alichomoa waya wa maiki. Msonyo ukatoka. Akazima mashine. Taa za mashine zikafa zote. Msonyo ukatoka kwenye spika zilizokufa.

Ndugu wa bibi harusi walimtoa kwa kumbeba. Suti ilichanika kwapani.

Aliporudi Kimanga bado jua lilikuwa kali. Alimkuta Adelina kakaa kitandani, mgongo ukutani, mikono miwili imekumbatia tumbo. Redio imezimwa. Madirisha yamefunguliwa yote.

"Kulikuwa na mtu hapa?" Gozbert aliuliza kwa kunong'ona. Alishajifunza kwamba akinong'ona msonyo nao unakuwa mdogo.

Ukatoka, mdogo, kwenye pembe ya chumba.

"Sasa anabakiga hata ukitoka," Adelina alisema. Hakuwa analia. "Nilikuwa naongea na mtoto. Namwambia baba yako atarudi sasa hivi. Nilipotaja baba, akasonya. Si mlangoni, Gozi. Hapa." Akagusa kitovu chake kwa kidole. "Kama aliyeinama kusikiliza."

Gozbert akakaa sakafuni.

"Nikuambie kitu?" Adelina alisema. "Siku ile mie nilimwamkia. Aliniitikia. Nilisikia marahaba, hapa, sikioni. Marahaba mwanangu. Nikaogopa kukwambia, ungenicheka."

Ilikuwa kweli. Angemcheka.

"Nenda kamwombe radhi," mkewe alisema. "Kabla sijajifungua. Nenda leo."

Akaenda. Kwenye kilima kulikuwa na kikao, sauti ya mtu akihutubia kuhusu mitaro. Cyprian alitokea mlangoni, akamwona Gozbert na suti yake iliyochanika, akataka kurudi ndani. Gozbert akamshika mkono, akamwonyesha ngazi. Wakasimama chini yake. Wajumbe ukumbini waliwaona, lakini hotuba ya mitaro iliendelea.

"Shikamoo, bibi," Gozbert alisema.

Hakuna kitu.

Aliirudia. Hakuna kitu. Hata msonyo hakuna. Na hapo ndipo Cyprian aliposema jambo lililomtia baridi, nalo alilisema kwa furaha, kama anatoa habari njema. "Unajua tangu siku ile pametulia? Tunaamkia tu kwa mazoea. Vikao siku hizi vinakwenda mpaka jioni, kila mtu anamaliza hotuba yake. Hakuna anayetusonya."

Gozbert akaanza kupanda.

Ngazi zililia. Alipita pale katikati alipotanua mikono siku ile. Akapanda tena. Hewa ya juu ilikuwa nzito, ya mbao zilizofungiwa. Mlango wa chumba ulikuwa umeegeshwa. Akausukuma kwa kidole.

Chumba kitupu. Mwanga uliingia kwa matundu ya ule ukuta, ukadondoka sakafuni kama mtama. Hakuna spika. Hakuna waya. Hakuna hata kiti. Vumbi tu, nene, laini, la miaka. Akapiga magoti mlangoni, suti na yote.

"Bibi, nisamehe." Haikuwa sauti ya kazi. Ilikuwa ndogo, ya kitoto, hakujua kama bado anayo. "Nilikudharau nyumbani kwako. Nina mke, nina mtoto anakuja. Nipige mimi. Waache wao."

Alingoja. Jasho likamwingia machoni. Akalifuta. Akatazama sakafu.

Kwenye vumbi kulikuwa na nyayo.

Ndogo. Pekupeku. Vidole vimekunjamana kama vya mtu mzee. Zilianzia ukutani, pale kwenye matundu ya kuchungulia, zikakatiza chumba, zikaja mlangoni. Zikapita alipopiga magoti. Zikatoka.

Akatafuta za kurudi.

Hazikuwepo.

Chini mjumbe alikuwa bado anaeleza mitaro. Watu wakapiga makofi. Gozbert alielewa kwamba alikuwa amepigia magoti chumba kisicho na mwenyewe. Mwenye nyumba alihama. Alihama siku ileile, alishuka ngazi nyuma yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyempa lifti.

Na Adelina alikuwa nyumbani peke yake.

Jinsi alivyoendesha kurudi Tabata, askari watatu wa barabarani walimsimamisha na hakusimama hata kwa mmoja. Aliacha gari katikati ya njia, mlango wazi. Alikimbia. Aliingia akifungua mdomo kumwita mkewe.

Adelina alikuwa sebuleni, amekaa kwenye mkeka, anakunja nguo za mtoto. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyelala usingizi mzuri. Alimwona mumewe, akainua kidole upesi, akakiweka mdomoni.

"Shii," alinong'ona. "Usiongee, baba. Tumeelewana."

Gozbert akasimama.

"Anasema nyumba ni nzuri. Ndogo, lakini nzuri. Mtoto atamlea. Mie anataka niwe namwamkia asubuhi, basi." Adelina akalainisha kikoti cha sufu kwenye paja lake. "Wewe anataka unyamaze."

Gozbert akatazama pembe za chumba moja baada ya nyingine. Neno lilikuwa pale, lilikuwa limefika kwenye ulimi, na kwa upande wa kushoto, karibu na sikio, akasikia mate yakikusanywa kwenye mdomo usio na meno.

Akalimeza.

Mpaka leo hajalitoa. Haya ya chumbani juu tuliyajua kwa sababu alimwandikia mkewe kwenye simu, naye Adelina akamweleza mama yake madirisha yakiwa wazi. Daktari alimchungulia koo, akasema lipo sawa, halina hata kikohozi. Maiki aliiuza. Sasa anafunga taa na maua kwenye kumbi zilezile alizokuwa akizitawala, anapanda ngazi ya bati na gundi mfukoni, na MC wapya, vijana wasio na adabu wala kipaji, wanamtania kwa kumwita bubu. Anashuka, anakusanya waya zake, anaondoka.

Tulizoea kumwomba Mungu amnyamazishe. Alipomnyamazisha, mtaa ulituogopesha.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mnono, mwenye nywele nyingi. Halii ovyo. Mama Anna alikuja kumwona, akamsamehe mkwewe, hata akamshika kichwa. Clara aliolewa. Mwenye kuangalia kwa mbali angesema yamekwisha.

Baada ya uzazi Adelina alitaka baraza mpya mbele ya nyumba, ya kukaa na mtoto jua la asubuhi. Gaudens, fundi wa hapahapa Kimanga, aliimwaga kwa simenti ya kutosha, akaipiga chokaa ya juu, ikakauka nyeupe, imenyooka kama meza. Mvua za kwanza zilikuwa hazijaisha kunyesha tulipoona pembeni, upande wa mlango, pamebonyea. Gaudens alidhani ni ufa. Alipopapasa aliona hapana. Palikuwa pamelika, laini, kama ngazi za jiwe za msikiti wa zamani zinavyolika kwa miaka mia ya watu kukalia. Upana wa makalio ya mtu mmoja mdogo.

Alipaziba. Pakabonyea tena. Alipaziba mara ya pili kwa kokoto na nondo, akatukana, akasema safari hii hata tembo akae. Asubuhi yake alikuja kukagua. Jua lilikuwa bado nyuma ya nyumba, baraza yote kivulini, simenti baridi na umande juu yake. Bonde lilikuwa pale, lenye kina kuliko la kwanza. Ndani yake hapakuwa na umande.

Gaudens aliweka kiganja.

Palikuwa pa moto.